Mwanamke wa Sura ya Nne

Dodoma, 12 Mei 2024

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Ryoba na watoto. Huku hatujambo. Winfrida ana mimba ya miezi mitatu na hataki kunusa vitunguu, kwa hiyo mimi nala kantini ya chuo, ambako wamebadilisha mpishi na huyu wa sasa ni adui wa chumvi. Nimeukumbuka ugali wako wa mtama mpaka naona haya.

Utauliza kwa nini naandika barua wakati kuna simu. Ni kwa sababu kila nikipiga namba yako anapokea shemeji, tunaongea habari za ng'ombe dakika kumi, kisha ananiambia uko kisimani. Dada, hicho kisima kina nini?

Haya, jambo lenyewe. Katika boksi ambalo Mwinjilisti Gasto atalichukua stendi ya Bomani mna nakala thelathini za kijitabu changu, *Ritongo na Kanisa la Kwanza*. Nimechoka. Kila semina ninayokaa, husimama mtu aliyeiona Mara kwenye televisheni tu, akasema Wakurya ni watu wa panga na fimbo. Wanafunzi wetu nao wanaokota dini kwenye simu, mahubiri ya dakika moja, na kesho yake wananiambia mila zote ni za shetani. Basi nimewajibu wote kwa pamoja. Nimeonyesha kwamba ritongo letu, mkutano wa ukoo ambapo wazee husikiliza mashauri na mkosaji hurudishwa kwa watu wake, liko karibu na Injili kuliko mahakama tulizoletewa na Mzungu. Hata mtume aliwakanya waumini wa mwanzo wasiburutane kwa mahakimu.

Sura ya nne ndiyo inayopendwa na kila mtu. Ni kisa alichonisimulia Tata, cha mwanamke aliyeikimbia nyumba yake. Ritongo lilimsikiliza siku nzima, likamrudisha kwa mumewe bila polisi wala hakimu, na mpaka leo wanaishi na kusali pamoja. Profesa wangu alipoisoma alivua miwani akaifuta. Anasema sura hiyo itakuwa moyo wa tasnifu yangu ya udaktari. Uzinduzi ni tarehe 5 Oktoba mbele ya askofu, na Tata atakaa kiti cha mbele kama baba wa mwandishi.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma, kwa kijiti, kwenye majivu ya jikoni. Hukumu yako naiogopa kuliko ya maprofesa. Soma, halafu uniambie ukweli.

Mdogo wako mwenye njaa,
Nashoni


Nyansurura, 16 Juni 2024

Mdogo wangu Nashoni,

Marahaba. Sisi wazima kiasi. Mvua iliacha mapema, mahindi ya bondeni yamepata lakini ya juu yameungua. Elia wangu amekuwa wa tatu darasani na ameanza kujibu watu. Mguu wa Tata unamsumbua, ulimi haujambo. Nimefurahi sana kwa habari ya Winfrida. Mwambie asibebe ndoo, na asimsikilize mtu anayesema ndoo moja haina neno.

Usiniandikie tena kupitia kwa Mwinjilisti. Andika kwa jina la Nice, nesi wa zahanati yetu, yule aliyeletwa kutoka Kigoma. Huenda Mugumu mara moja kwa mwezi, ndiyo maana barua zetu zitachelewa. Kisima hakina kitu. Simu yangu inakaa mfukoni mwa Ryoba.

Vitabu vimefika. Ryoba anatembea na chake ndani ya koti. Mwinjilisti amekisoma kanisani Jumapili tatu na watu wamepiga makofi. Tata haoni maandishi madogo, lakini ameomba asomewe sura ya nne, na ilipoisha akaomba tena. Mimi nimeisoma. Kiswahili chake ni kizuri. Nina swali moja tu. Tata alikuambia mwanamke huyo anaitwa nani?

Kuna jambo lingine. Unamkumbuka Steven, mtoto wa kaka yake Ryoba, anayelinda kambi ya watalii kule Natta? Mwaka juzi alioa msichana anaitwa Rhoda. Ana miaka kumi na tisa na anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya yetu. Jumatano alikuja kwa Nice ameshikilia kanga kichwani, kanga imelowa damu mpaka inadondoka. Steven alirudi kutoka Natta akamkuta anaongea na dada yake kwenye simu, akampiga na mchi. Nice amemshona nyuzi kumi na moja. Rhoda amekataa kurudi, analala chumbani kwa Nice. Steven anapita nje ya zahanati na panga asubuhi na jioni, hasemi neno, anapita tu.

Wazee wanataka ritongo, Nice anataka polisi. Mimi naogopa, Nashoni, nakwambia wazi. Watu wa hapa sasa wanakusikiliza wewe kuliko mtu yeyote. Niandikie upesi.

Dada yako anayekukumbuka,
Veronika


Dodoma, 21 Julai 2024

Dada Veronika,

Shikamoo. Winfrida anakusalimu na ndoo hashiki, mimi ndiye mchota maji sasa na majirani wananicheka. Mwambie Elia kujibu watu ni ugonjwa wa ukoo, mimi sijapona hadi leo.

Barua yako ilikaa njiani mno. Kabla haijafika, Mwinjilisti Gasto alikwishanipigia akanieleza jambo la Rhoda. Nilimwambia nililoliandika: polisi watamfunga Steven na nyumba itakufa, bali ritongo litawarudisha wote wawili. Akanisihi nizungumze na yule nesi mwenyewe. Ni mbishi huyo. Aliniuliza mara tatu kama nina uhakika kwamba hakuna fimbo. Nikamwambia asome ukurasa wa thelathini na mbili.

Tarehe 13 walikaa. Waliniunganisha kwa simu nifungue kwa maombi. Niliwasalimia wazee, nikaomba, kisha mtandao ukakata, si unaujua wa huko kwenu. Nasikia yaliisha salama na Rhoda yuko kwake. Nilipiga magoti nikamshukuru Mungu.

Kuhusu jina uliloniuliza, Tata hakunitajia, na hata angenitajia, taratibu za utafiti zinakataza kuanika majina ya watu. Lakini umenitia wasiwasi. Umesema Kiswahili ni kizuri. Hiyo ndiyo sifa tunayowapa wanafunzi waliofeli. Umekasirikia nini, dada? Niambie.

Wako daima,
Nashoni


Nyansurura, 11 Agosti 2024

Nashoni,

Marahaba. Watoto wazima. Leo sina habari za mahindi.

Mtandao haukukata. Simu ilikuwa ya Mwinjilisti, ile yake kubwa, imewekwa juu ya kigoda mbele ya Tata, sauti imefunguliwa yote. Nilikaa nyuma na wanawake, kama hatua saba, na kioo kilikuwa kinawaka na dakika zinasonga. Ulipomaliza kuomba wazee wakasema amina na hakuna aliyeigusa. Ilizima yenyewe dakika ya kumi na tisa. Najua kwa sababu niliikazia macho hiyo simu, sikutaka kutazama kwingine.

Nice alimtoa Rhoda mwenyewe, kwa mkono wake, kwa sababu ulimwambia hakuna fimbo. Wakati unaomba, Rhoda alikuwa nyuma ya zizi na vijana wa rika la Steven. Walisema wanamwandaa. Baada ya amina wakamleta katikati. Hawakumuuliza kitu. Tata alisema, "Mwanamke ameruka mume wake akaenda kulala kwa mgeni, huyo ameshajieleza. Mura, vijana, anzeni." Wakamlaza kifudifudi. Mmoja alimkalia mabegani, wawili wakashika miguu, wengine wakapokezana fimbo mbichi. Aliuweka mkono wa kushoto nyuma ajikinge na mfupa ukavunjika, tuliusikia wote. Aliita Yesu, halafu akaita mama yake, halafu hakuita mtu. Ryoba alichukua zamu mbili. Mwinjilisti alisimama pale kashika kitabu chako kifuani. Walipochoka wakalishika dole gumba la Rhoda wakalibandika kwenye karatasi inayosema alianguka kisimani, wakampeleka kwa Steven.

Sasa nikujibu kuhusu sura ya nne. Mwanamke huyo ni mimi.

Ilikuwa 2009, wewe uko kidato cha tano Musoma. Ryoba alikuwa ameanza kunipiga kwa mnyororo wa baiskeli. Nikakimbilia nyumbani kwetu, nikidhani ni kwetu. Tata hakuweza kunipokea, maana ng'ombe wa mahari yangu walikwishauzwa ili wewe usome, na kama ningeachika angetakiwa kuwarudisha. Akaitisha ritongo. Hawakunisikiliza siku nzima. Walinipiga tangu ng'ombe walipotoka kwenda malishoni hadi jua likawa utosini. Nilikuwa na mimba ya miezi minne. Ilitoka palepale kwenye majani, watu wakawa wanafukuza mbwa kwa mawe. Umeandika kwamba nilirudi kwa mume wangu. Ni kweli nilirudi. Nilibebwa kwenye ngozi ya ng'ombe, watu wanne.

Ulipokuja likizo ya Desemba nilikuambia ni malaria, nikakupikia. Nilinyamaza kwa sababu ulikuwa unafaulu na sikutaka uache. Hapo ni kosa langu na nimelikubali.

Ninachotaka ni hiki. Nice ameshapeleka PF3, ile fomu ya majeraha, polisi Mugumu na jalada lipo, lakini Rhoda mwenyewe amewekwa dole kwamba alianguka, na wanawake wote tulioona tuna waume. Steven amesema mbele yangu kwamba akikimbia tena atamkata. Wewe ulisikia kila kitu, na wewe huna mtu wa kukupiga. Njoo useme.

Veronika


Dodoma, 8 Septemba 2024

Dada Veronika,

Shikamoo. Poleni na jua. Winfrida anaendelea vizuri, sasa mtoto anacheza. Mimi nilipatwa na vidonda vya tumbo, ndiyo maana nimekawia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nisamehe kwa 2009. Sina maneno mengine na nimeyatafuta. Usiku nakuona jikoni, unanipakulia, na mimi nakusimulia habari za shule.

Nimezungumza na profesa, bila kutaja mtu. Katika toleo la pili tutaweka tanbihi inayosema kwamba yako matukio ambayo utaratibu wa ritongo ulikiukwa. Kuhusu ushahidi, nilimuuliza mwanasheria wa chuo, nikijifanya nauliza kwa niaba ya rafiki. Anasema kelele za kwenye simu ni ushahidi mwepesi. Tena fikiria, dada, tunayemsema ni Tata. Mtoto wangu bado hajazaliwa na wewe unajua babu akitamka neno la laana juu ya mtoto linakuwaje kwetu, hata kama mimi ni mtu wa kanisa na nafundisha theolojia. Tuvumilie uzinduzi upite, nitakuja Desemba tukae sote tuzungumze.

Ninamwombea Rhoda kila siku.

Mdogo wako,
Nashoni


Nyansurura, 22 Septemba 2024

Nashoni,

Marahaba, kwa kuwa umenisalimia. Mwandiko huu ni wa Nice. Mimi nasema, yeye anaandika, maana mkono wangu wa kulia umefungwa.

Rhoda alikimbia tena Jumamosi ya tarehe 14 asubuhi, akielekea barabarani apande gari la Mugumu. Steven alimpata kwenye kivuko cha mto. Alimkata bega, akamkata shavu, na ule mkono wa kushoto uliokuwa bado haujaunga akaukata juu ya kifundo ukabaki unaning'inia kwa ngozi. Wanawake waliokuwa wanafua walimrushia mawe na mabeseni mpaka akakimbia. Nilimfunga Rhoda mimi mwenyewe, kwa kitenge changu, nikiwa nimemkalia ili damu isitoke. Yuko hospitali Mugumu. Mkono umeondolewa. Steven alikamatwa kule Natta jioni ileile.

Jumatatu nilikwenda polisi. Nilieleza ya Julai na ya mwaka 2009, nikataja majina, la Ryoba na la Tata na la Mwinjilisti. Nilidhani nitakufa nikiyataja na sikufa. Waliitwa, wakaandika maelezo, wakatoka kwa dhamana. Ryoba alinisubiri mlangoni na mpini wa jembe. Alinivunja kiganja na mbavu mbili, mwisho Elia akamrukia baba yake shingoni, nikapata njia. Sasa niko kwa Nice na watoto wote. Amewapanga sakafuni kama magunia na hajalalamika.

Nice amenieleza tanbihi ni nini. Kumbe ni yale maandishi madogo chini ya ukurasa. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, na zilikuwa zinauma tayari.

Usinieleze tena habari za utamaduni. Mimi ni Mkurya, nimetahiriwa kama mama yangu, nimeolewa kwa ng'ombe, nimezika watu kwa mila na kwa sala, siwezi kufundishwa ukurya na kijitabu. Kila Jumapili nafundisha watoto kanisani. Huniuliza kwa nini wanafunzi wa Yesu walimwacha usiku ule akapigwa. Nawajibu kwamba waliogopa. Hilo watoto wanalielewa, na mimi pia nalielewa. Ningekuwa na huruma na wewe kama ungeniambia uliogopa. Lakini wewe unaniambia mtandao ulikata.

Tata na Ryoba wanapanda basi la kuja kwako tarehe 3. Tata ameshonesha suti ya kijivu na anaijaribu kila siku. Kesi ya Julai inasikilizwa Mugumu tarehe 4 Novemba. Shahidi niko mmoja, na upande wao utasema mke wa Ryoba ana chuki zake. Sikulaumu kwa usilolijua. Nakulaumu kwa dakika kumi na tisa.

Kwa mkono wa Nice, maneno yangu,
Veronika


Dodoma, 13 Oktoba 2024

Dada yangu Veronika,

Shikamoo. Pole kwa mkono, pole kwa mbavu, pole kwa yote ambayo sikukupa pole kwa wakati wake. Msalimie Elia. Naandika nikiwa na meno mawili pungufu na jicho moja limefunga, kwa hiyo nisamehe mistari ikienda upande.

Uzinduzi ulifanyika. Ukumbi ulijaa, kwaya ya wanafunzi iliimba, askofu alikisifu kitabu ambacho bila shaka hakukisoma. Tata alikaa kiti cha mbele na suti yake ya kijivu, ameshika fimbo yake ya mzee, na nikwambie ukweli, alipendeza, nikamwonea fahari palepale nilipokuwa namwogopa. Nilitakiwa kusoma sura ya nne. Niliisoma mpaka mahali pasemapo *akarudi kwa mumewe kwa amani*. Sikuweza kuendelea. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba mwanamke huyo ni dada yangu wa tumbo moja, kwamba alipigwa mpaka mimba ikatoka, kwamba aliyeamuru ni baba yangu, yule pale, na aliyemfukuza kwa mnyororo yuko pembeni yake, na kwamba Julai wamefanya vilevile kwa msichana mwingine, na kitabu changu ndicho kilichomtoa kwa nesi.

Nilidhani watu watapiga kelele. Wote waligeuka kumtazama Tata. Tata akasimama, akasema kwa Kikurya, polepole, ili nisikose hata neno, kwamba mtoto atakayezaliwa na Winfrida asipewe jina lolote la ukoo wetu, na kwamba yeye hakuzaa mtoto wa kiume. Ryoba alinyanyuka. Alipita juu ya viti, akang'oa kile chuma cha kipaza sauti, akanipiga nacho mdomoni, nilipoanguka akaendelea mgongoni na kichwani. Damu ilirukia vitabu vilivyopangwa mezani. Askofu alivuta kiti chake nyuma. Wanafunzi wangu sita ndio walionitoa, na wao nao waliumia. Nilipokuwa pale chini nilimfikiria Rhoda, na nikaona kwamba muda wote ule sikuwahi kumfikiria yeye kama mtu anayeumia. Nilikuwa namfikiria kama tatizo la sura ya nne.

Profesa anasema tasnifu imekufa, nianze upya au nitafute kazi nyingine. Winfrida aliniuliza swali moja tu, kama kweli nilisikia. Nikajibu nilisikia. Alihamia kwa dada yake siku tatu. Amerudi lakini haongei sana.

Uliposema dakika kumi na tisa nilijua kwamba unajua. Ila kuna jambo hukulijua, na hili sijamwambia hata Winfrida. Sikukaa tu nikasikiliza, na si kwamba niliogopa. Ningependa kusema niliogopa. Nilikuwa nimefungua daftari langu la utafiti kabla ya maombi, maana ritongo lenyewe kwa simu, mubashara, ni bahati ambayo mwanafunzi wa udaktari haipati mara mbili. Nilipofunga maombi nikashika kalamu. Niliandika saa. Niliandika maneno ya Tata. Mapigo yalipoanza nikaweka kistari kwa kila pigo, vitano vitano, tunavyofundishwa kuhesabu. Ni thelathini na saba hadi wakaacha, ndipo simu ikazima. Pembeni niliandika, *sauti ya kike inalia na kuomba. Je, ni sehemu ya toba?* Dada, niliandika hivyo kwa mkono wangu. Nikafunga daftari nikaenda kula.

Daftari hilo nimelikabidhi polisi hapa, nao wamelituma Mugumu pamoja na maelezo yangu. Lina tarehe, lina saa, lina maneno ya Tata neno kwa neno. Nitafika tarehe 2 na nitasimama kizimbani. Nimeweka humu nakala ya ukurasa wenyewe. Kama Rhoda ataruhusu, msomee, ajue kabla ya siku ile nitakachokisema mbele yake. Kama hataki, uchome.

Mdogo wako,
Nashoni


Mugumu, 27 Oktoba 2024

Mdogo wangu Nashoni,

Marahaba. Herufi hizi mbovu ni zangu, za mkono wa kushoto. Pole kwa meno. Watoto wazima, wako kwa Nice, mimi nimekuja hospitali kumuuguza Rhoda. Nice amepewa onyo na wazee kwamba ahame, naye amewajibu kwamba serikali ndiyo iliyomleta na serikali ndiyo itakayomhamisha. Tata amerudi, suti ameiweka sandukuni. Nimempelekea uji mara mbili kupitia kwa Elia kwa sababu bado ni baba yangu, na mara zote mbili aliunywa.

Nililia nilipofika mahali ulipoandika habari ya daftari. Sikulia kwa huruma. Nilikuwa nimekasirika hata nikashindwa kukaa, nikatoka nikazunguka hospitali yote. Baadaye nikarudi nikakaa. Ulitakiwa kuniambia ukweli na umeniambia. Winfrida akijifungua, mtoto huyo mpeni jina mnalolipenda. Mimi nitamwita kwa hilo.

Rhoda aliruhusu. Nilimsomea ukurasa wako wote, saa, maneno ya Tata, na yale ya pembeni. Alisikiliza ametazama ukuta. Akaniomba nisome tena, nikasoma. Kisha akasema hesabu yako ina kasoro, si thelathini na saba, ni arobaini na moja. Nne za kwanza alipigwa nyuma ya zizi, wamemziba mdomo, wakati wewe ulikuwa bado unaomba. Alikuwa anakusikia. Anasema ulimtaja kwa jina lake na uliomba vizuri. Anakuomba uziongeze kabla hujaapa.

Dada yako,
Veronika